Robo Saa ya Kapteni Rayamajhi

Mimi ndiye niliyeileta ndege ile chumbani ili watu waitazame. Siku ile nilijigamba. Leo naeleza tu.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Ndege ikitua Pokhara, hapa Nepal, fundi anachomoa kadi ndogo kwenye chombo kinachonasa safari, ananiletea. Naichomeka kwenye kompyuta, naingiza data, na baada ya dakika kumi safari nzima inafufuka kwenye skrini: kindege cha manjano kikipanda korongo, mwinuko wake, kasi yake, kila mguno wa injini na kila mkono uliogusa usukani. Kisha marubani wanaingia, wanakaa kwenye viti vya plastiki na vikombe vyao vya chai, na mimi nawaonyesha walichokifanya. Watu hao hawaogopi mlima. Waliniogopa mimi, Abiral Dhakal, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye hajawahi kurusha hata kishada kikapaa vizuri.

Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilijisomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wakubwa wakawa wananiuliza mimi. Kompyuta mpya ilipokuja kutoka Delhi, muuzaji alipiga simu kusema atamtuma mtu wake aifunge. Nikamjibu mbele ya ofisi nzima, simu ikiwa kwenye spika: "Bwana, hatuhitaji mtu wa Delhi aje kutusomea milima yetu." Watu walipiga makofi. Nikaifunga peke yangu alasiri ile ile, nikibonyeza "ndiyo, ndiyo, ndiyo" kama mtu anayehesabu ushindi.

Siku mbili baadaye ndege yetu ya Ghyalung nusura iue watu.

Ghyalung ni uwanja mdogo juu ya korongo. Ndege huenda huko asubuhi tu, kwa sababu ikifika saa tano upepo unaamka na hakuna anayebishana nao. Katikati ya njia pana kona tunayoiita Mawe Mekundu. Kabla ya kona hiyo korongo ni pana, rubani anaweza kugeuka na kurudi nyumbani. Akishaipita, kuta zinakaribiana. Hapo ni kwenda mbele tu. Asubuhi ile Kapteni Prabal Rayamajhi aliipita Mawe Mekundu akiwa na abiria kumi na wanane, akaingia kwenye wingu. Kengele ya kuonya kwamba mlima uko karibu ikalia. Alikata kona mahali pasipokatika kona, na bawa la kushoto likapita mita sitini kutoka kwenye mwamba. Mhudumu wetu, Nirjala, alikuwa amesimama akigawa peremende na pamba za masikio. Alirushwa darini, akaanguka juu ya mkono wa kiti. Nyonga ilivunjika mara mbili.

Ndege ilirudi Pokhara. Magazeti yakaanza kudai jina la mkosaji, na majina yalikuwa mawili tu.

Pale Ghyalung alikuwapo mwangalizi wa hali ya hewa, Narsing Bhattachan. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye dirisha lake, akatazama korongo, akawaambia marubani kwa redio kama njia iko wazi au imefungwa. Daftari lake lilisema alitangaza "njia imefungwa" saa moja na dakika tano. Kama ndege ilikuwa bado haijafika Mawe Mekundu dakika hiyo, basi kapteni alionywa akapuuza, na leseni yake imekwisha. Kama ilikuwa imeshapita, basi Narsing alisinzia akaonya kwa kuchelewa, na Narsing ndiye aliyekwisha. Sauti za chumba cha marubani hazikuwapo. Chombo kinachonasa sauti hutunza nusu saa ya mwisho tu, na baada ya kutua umeme uliachwa umewaka, zikafutika. Ghyalung hawana kinasa sauti. Kuna kalamu.

Kwa hiyo kila mtu akanigeukia mimi.

Narsing aliitwa ashuke. Alikuja kwa gari la milimani na basi, siku mbili, daftari lake jeusi limefungwa kwenye nailoni, na mfuko wa matufaha makavu akauweka mezani kama mtu aliyealikwa nyumbani. Chumba kilijaa. Kapteni Rayamajhi alikaa mbele, mgongo wima, nywele za mvi zimechanwa vizuri. Nyuma yake alikaa rubani msaidizi wake, Sonim Rai, kijana wa rika langu. Kiongozi wa kikao alikuwa Bi Manorama Joshi, mkuu wa usalama, mwanamke anayesikiliza huku kalamu imeng'atwa.

Nikaizindua safari. Kindege cha manjano kikaondoka Pokhara saa kumi na mbili na nusu. Kikapanda. Nikakisimamisha pale Mawe Mekundu, nikaelekeza kijiti changu kwenye saa ya skrini.

"Saa moja kasoro dakika saba," nikasema. "Kapteni ameipita kona. Onyo la Mzee Narsing, kwa daftari lake mwenyewe, ni saa moja na dakika tano. Dakika kumi na mbili baadaye."

Narsing aliivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. "Mwanangu, hiyo si kweli. Niliwaonya wakiwa bado chini ya kona. Nilisikia hata wakinijibu."

"Nani alikujibu?"

"Sauti ya kijana. Alisema, tumepokea."

Watu wakamtazama Sonim. Sonim akawa anatazama viatu vyake. "Redio ilikuwa na kelele," akasema. "Sikumbuki vizuri."

"Tena siku ile walichelewa kuondoka," Narsing akaendelea. "Niliwangoja. Chai yangu ilipoa."

Nilikuwa na karatasi ya dawati la safari mkononi, nikaipunga. "Dawati linasema ndege iliondoka saa kumi na mbili na nusu. Mashine inasema saa kumi na mbili na nusu. Mashahidi wawili, mzee. Wewe una chai." Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kikanipanda kichwani. "Hebu tuambie, saa yako ya ukutani inatumia betri au ndoto?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kapteni hakucheka. Alinitazama mimi, kisha skrini, kisha mimi tena, kwa macho ya mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko alivyotoa. Wakati ule nilidhani ni shukrani.

Narsing alilifunga daftari lake kwenye nailoni polepole. Mlangoni akageuka. "Matufaha hayo ni ya mti wangu," akasema. "Kuleni."

Tuliyala.

Wiki iliyofuata waliomwajiri walimsimamisha kazi, wakamwita mbele ya kamati Kathmandu, Ijumaa ya wiki ya pili. Kosa lililoandikwa halikuwa kuchelewa tu. Waliandika kwamba alighushi daftari.

Siku ya kumi na moja tangu ndege inusurike, pikipiki yangu ilipata pancha karibu na ukuta wa uwanja. Nilimkalia fundi wa matairi kichwani ili afanye haraka. Redio yake ilikuwa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ndege yetu moja ikapita juu yetu, ndiyo kwanza inainuka, tumbo lake jeupe nusura liguse nyaya, na wakati huo huo redio ikapiga milio yake: saa mbili kamili, hizi hapa habari.

"Leo hawa wamewahi," fundi akasema. "Saa mbili ni saa mbili."

"Kampuni yangu hiyo," nikamwambia, kifua mbele.

Adhuhuri kadi ya ndege ile ile ikaletwa mezani kwangu. Nikaiingiza, nikaizindua. Iliondoka saa mbili kasorobo.

Nilicheka. Nikasema redio ya fundi ni mbovu kama pampu yake. Kisha nikatazama saa yangu ya mkononi, nikatazama saa ya kompyuta kwenye kona ya skrini, iko nyuma robo saa, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Chombo cha ndegeni hakijui Nepal. Hakina nchi. Kinahifadhi saa za Greenwich, na kompyuta ndiyo inayoongeza saa za mahali ulipo. Sisi tunaongeza saa tano na dakika arobaini na tano. India wanaongeza saa tano na nusu. Ile robo saa ni yetu peke yetu. Shuleni tulikuwa tunawatania watoto wa wafanyabiashara wa mpakani kwamba jua letu huamka mapema kwa sababu lao ni vivu. Nilifungua ukurasa wa mipangilio. Palikuwa na orodha ya miji. Kathmandu ilikuwapo, mstari mmoja chini. Lakini alama ya kuchagua ilikuwa juu yake, kwenye Delhi, pale ilipowekwa kiwandani, pale nilipobonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Nikaihamisha mstari mmoja. Nikaifungua safari ya Ghyalung. Kindege cha manjano kiliondoka Pokhara saa moja kasorobo. Kilipita Mawe Mekundu saa moja na dakika nane. Onyo la Narsing lilikuwa limewatangulia kwa dakika tatu.

Na ile karatasi ya dawati? Hiyo nayo nilijua tangu zamani, kama kila mtu alivyojua. Dawati letu huandika saa ya ratiba, siyo saa ya kweli, maana kituo kikichelewesha ndege tatu kwa mwezi kinaandikiwa barua. Siku ile ndege ilichelewa robo saa ikingoja wingu lipungue. Uongo wa dawati na kosa langu vilikutana dakika kwa dakika, vikashikana mikono, vikamnyonga mtu.

Nilimkuta Kapteni Rayamajhi nyumbani kwake, kwenye ua, akipogoa mawaridi. Aliponiona akaita chai iletwe. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipokaa.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Mdogo wangu, nilikuwamo ndani ya ndege." Akakata tawi moja. "Mtu anajua aliondoka saa ngapi. Nilikuja kwenye kikao chako nikiwa na barua ya kuacha kazi mfukoni, nimeiandika kwa mkono wangu. Kisha wewe ukasimama na kijiti chako."

"Na ukanyamaza."

"Nimekwenda Ghyalung zaidi ya mara elfu nne. Lile wingu hufunga, halafu hufunguka. Kila mara hufunguka. Narsing mwenyewe anajua." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na waridi. "Sikukuomba ile robo saa. Ulinipa bure, mbele ya watu. Nani angerudisha?"

"Mzee Narsing anasimamishwa mbele ya kamati Ijumaa."

"Na wewe utasimama wapi ukisema? Mimi nitakuwa nimepuuza onyo. Wewe utakuwa umemtangaza mtu asiye na hatia kuwa mwongo kwa sababu ya kiburi cha kutosoma mstari mmoja. Watu watamsahau rubani. Mcheshi hawatamsahau." Akanisogezea kikombe. "Kunywa. Inapoa."

Sikuinywa.

Bi Joshi alinisikiliza hadi mwisho, kalamu mdomoni. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi. "Hii imeingia jana kwa faksi kutoka kwa kamati, Kathmandu. Soma."

Ilikuwa barua ya Narsing Bhattachan, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa uangalifu. Aliandika kwamba amefikiri sana. Kwamba mashine haina sababu ya kumchukia. Kwamba huenda asubuhi ile aliisoma saa vibaya, au alisinzia bila kujua, kwa sababu mtu akizeeka hajui ni lini macho yake yameanza kumdanganya. Anaomba radhi kwa yule binti aliyevunjika nyonga. Haombi kurudishwa kazini. Ijumaa hatakwenda.

"Amekiri mwenyewe," Bi Joshi akasema. "Abiral, rekebisha hiyo mipangilio yako kimya kimya. Kaburi limeshafukiwa."

"Madamu, aliyefukiwa yu hai."

"Usiniletee maneno mazuri hapa. Ukilifukua, wewe ndiye utakayelala humo. Sitaweza kukutetea."

Nilitoka. Sitasema sikuogopa. Nilikaa juu ya pikipiki yangu kwa muda mrefu bila kuiwasha, nikisikia kicheko cha chumba kile. Nilikuwa nimekipenda sana kicheko kile.

Jumatatu ilikuwa zamu ya kikao cha marubani wote. Orodha ilikuwa na safari mbili za kawaida, kutua kwa kishindo na tairi lililopasuka. Wote walipokaa, nikazima taa nikazindua safari ya Ghyalung. Bi Joshi akaita, "Abiral!" Niliendelea.

"Ndege hii mliiona," nikasema. "Mliiona kwa saa ya Delhi. Kosa hilo ni langu, si la mashine, si la muuzaji. Niliambiwa nisaidiwe nikakataa kwa kelele, wengi wenu mlikuwapo. Sasa itazameni kwa saa ya kwetu."

Kindege kilipofika Mawe Mekundu nikakisimamisha. Saa moja na dakika nane.

Niligeuka kumtazama kapteni. Alikaa vile vile, mgongo wima, mikono juu ya magoti, na sura yake haikusema lolote. Nilielewa kwamba atanyamaza tena. Na bila neno la mtu aliyekuwamo, mimi nilikuwa kijana tu aliyebadilisha mstari kwenye kompyuta mara mbili. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kesho atatuletea saa ya Tokyo." Wawili wakacheka.

Ndipo kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu. Sonim Rai alisimama. Aliificha mikono yake nyuma.

"Nilisikia," akasema. "Saa moja na dakika tano. Nilijibu, tumepokea. Nikamwambia kapteni, njia imefungwa, turudi. Akasema, ngoja, litafunguka." Akamgeukia Bi Joshi. "Nirjala ndiye aliyenipa peremende asubuhi ile. Nimekwenda hospitali mara tatu, sijaweza kuingia ndani."

Kapteni Rayamajhi akainuka. Nilidhani atamjia juu. Alitoa mfukoni ile barua ya kuacha kazi, imekunjwa mara nne, pembe zake zimechakaa kwa kubebwa, akaiweka mbele ya Bi Joshi. Alipopita karibu yangu alisema, bila chuki, "Tarehe tu ndiyo ya kubadilisha," akatoka.

Siku hiyo hiyo walinichukulia funguo za chumba. Nilikuwa nimetarajia zichukuliwe. Barua ya kumsafisha Narsing Bhattachan ilitoka baada ya siku tisa, ikiwa na mihuri miwili, ikimtaka arudi dirishani kwake mara moja. Niliomba nakala, nikapanda basi, kisha gari la milimani. Nilitaka kuifikisha kwa mkono. Nikiri pia kwamba njia nzima nilikuwa naona uso wake ukifunguka.

Nyumba yake iko juu kidogo ya uwanja, ukuta wa mawe, matufaha yamening'inizwa kwa nyuzi barazani. Mkewe alinitambua kwa jina nilipojitaja, akaingia ndani bila kunijibu. Narsing alikuja amevaa koti la sufu, akanikaribisha nikae karibu na jiko. Nikainama nikagusa miguu yake kwa heshima. Akaniacha niinuke mwenyewe.

Aliisoma barua mara mbili. Akaikunja. "Kwa hiyo sikusinzia," akasema.

"Hukusinzia, mzee. Ulikuwa sahihi kwa dakika. Mimi ndiye..."

"Nilikuwa na uhakika," akanikatiza. "Siku ile, chumbani kwenu, nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikapanda basi. Kufika mji wa Beni, basi linapoishia, nilikuwa na uhakika nusu. Kufika hapa niliishusha saa ya ukutani nikaifungua, nikaitazama usiku kucha. Haikuwa na kasoro. Basi nikajua kasoro ni mimi."

"Wanakutaka urudi. Imeandikwa hapo. Kesho ukitaka."

Akatikisa kichwa. "Juzi yule kijana waliyemweka alikuja kuniuliza, mzee, lile wingu litafunga? Nilitazama. Miaka yote hii nilikuwa nikitazama najua. Juzi nilitazama, nikaanza kujiuliza, je, ninachokiona ndicho? Nilikaa kimya mpaka ndege ikapita." Akaweka kuni moja jikoni. "Rubani anahitaji neno moja, na analihitaji upesi. Mtu anayejiuliza asikae kwenye dirisha lile."

Nilijaribu kusema. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya watu, nilikosa mbele ya mtu mmoja. Mkewe akaleta dhindo, ugali wa kwetu, na mboga, akaniwekea sahani, akamwekea mumewe, akaondoka. Tulikula.

Nje, sauti ya ndege ya mwisho ya asubuhi ilisikika ikipanda korongo. Narsing akainua kichwa.

"Saa ngapi hiyo?" akaniuliza.

Nilitazama mkononi. "Saa nne na dakika kumi, mzee."

Akashukuru. Kisha akainuka, akaenda chumba cha pili ambako saa ya ukutani ililazwa juu ya sanduku, nikamwona kupitia mlango akiinama kuitazama. Akatoa simu mfukoni mwa koti, akaitazama hiyo pia. Akasimama hapo katikati ya hizo mbili, midomo ikicheza, mpaka mlio wa ndege ukaisha.